Masanduku Mawili, Kosa Moja

Katika ofisi ndogo za miji yetu kuna chombo kinachozidi kuonekana. Hukaa kwenye kona, aghalabu juu ya kabati la mafaili ya karatasi, taa zake za kijani zikimetameta usiku na mchana. Ni kisanduku chenye diski mbili au nne ndani yake, kimeunganishwa na rauta kwa waya, na kila kompyuta ya ofisi hukifungua kana kwamba ni folda yake yenyewe. Mafundi hukiita NAS. Ofisi ikipanuka na kufungua tawi, kisanduku cha pili hununuliwa, hupelekwa Mwanza au Kisumu, na fundi huviunganisha kwa intaneti ili folda za huku na za kule ziwe sawa wakati wote. Vimo katika shule za binafsi, vyama vya akiba na mikopo, ofisi za mawakili, zahanati na studio za picha za harusi. Vimo pia, ingawa si kwa wingi, katika familia ambazo ndugu mmoja yuko Tanga na mwingine Muscat, na picha za wazee pamoja na hati za viwanja zinatakiwa pande zote mbili. Na popote vilipo, anayeuliza juu ya usalama wa kumbukumbu hujibiwa vilevile: usiwe na wasiwasi, kila kitu kipo sehemu mbili.

Jibu hilo halitoshi, na wakati mwingine ni afadhali kutokuwa nalo, maana asiye na jibu huendelea kutafuta. Kusawazisha folda ni kazi moja, kuweka nakala ya akiba ni kazi nyingine, na kwa sehemu kubwa kazi hizo mbili zinapingana. Ya kwanza inahakikisha kwamba badiliko lolote la upande mmoja linafika upande wa pili upesi iwezekanavyo. Ya pili inahakikisha kwamba pana mahali ambapo mabadiliko ya leo hayajafika. Ofisi inayofanya ya kwanza ikidhani imefanya ya pili imelipa mara mbili na kubaki na kumbukumbu moja. Utaratibu ninaoutetea hapa ni huu: kila folda iwe na mwenyewe mmoja, nakala isafiri upande mmoja tu, historia ya mafaili itunzwe, na nakala moja angalau ikae imechomolewa, mbali na umeme na mbali na mtandao.

Mashine haijui kosa

Programu ya kusawazisha haina habari lipi ni kosa na lipi ni kazi. Inachokijua ni tofauti. Kila kisanduku kina daftari lake la ndani linaloorodhesha mafaili, ukubwa wake na saa yalipobadilishwa mara ya mwisho. Visanduku vikikutana mtandaoni vinalinganisha madaftari. Faili likiwepo upande mmoja na kukosekana upande wa pili, kuna maelezo mawili: ama limeundwa huku sasa hivi, ama limefutwa kule. Programu hurejea daftari lake; ikiona kwamba faili lile jana lilikuwepo pande zote mbili, inaamua kwamba mtu amelifuta, na inatii kwa kulifuta na upande wa pili. Karani wa shule akiondoa folda ya ada za muhula uliopita akidhani ni nakala ya zamani, dakika chache baadaye tawi nalo halina folda hiyo. Samaki mmoja akioza huoza wote, na hapa kuoza kunasafiri kwa kasi ya intaneti.

Ufundi wenyewe hauna lawama, na una sifa zake. Mwaka 1996 Andrew Tridgell na Paul Mackerras, wakiwa Australia, walitoa programu ya rsync. Ilimega faili katika vipande, ikalinganisha muhtasari wa kihesabu wa kila kipande, kisha ikatuma vile tu vilivyotofautiana. Ndiyo maana tawi lenye laini dhaifu linaweza leo kwenda sambamba na makao makuu bila kutuma upya faili zima kila mtu anapobadilisha mstari mmoja. Lakini rsync, kwa kawaida yake, haifuti chochote kule inakopeleka mafaili. Anayetaka ifute lazima aiagize waziwazi. Katika programu za kusawazisha pande mbili zinazokuja na visanduku vya leo, kufuta ni sehemu ya kazi yenyewe. Mnunuzi hakuagiza kufuta. Aliagiza usawa, na usawa hauwezekani bila kufuta.

Lipo pia tukio linalowanyima mafundi usingizi. Umeme unakatika, unarudi kwa kishindo, kisanduku kinawaka lakini diski moja inashindwa kuitika. Folda iliyokuwa na mafaili elfu kumi inaonekana tupu. Programu isiyo na tahadhari itaona mafaili elfu kumi “yamefutwa” na kuanza kuyafuta kule tawini. Waliotunga Syncthing, programu huria iliyoanza mwaka 2013, walilijua hilo, ndiyo maana huweka alama ndogo iliyofichwa ndani ya kila folda. Alama isipoonekana, programu inasimama na kulalamika badala ya kuendelea. Tahadhari hiyo isingewekwa kama hatari ingekuwa ya kufikirika tu. Na sisi tunaishi katika nchi ambazo umeme hauhitaji sababu kubwa ili kukatika: tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilibaki gizani kwa saa nyingi kwa mkupuo mmoja, uwanja mkuu wa ndege ukiwemo.

Waliokuwa na pesa na wataalamu

Mtu anaweza kudhani haya ni matatizo ya ofisi zisizo na wataalamu. Tuangalie kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake hasa ni kuwatunzia maelfu ya watengenezaji wa programu kazi zao. Tarehe 31 Januari 2017 ilikuwa na seva mbili za kanzidata zilizosawazishwa, ya pili ikiifuata ya kwanza. Ya pili ilipochelewa kufuata, mhandisi mmoja aliamua kuisafisha ili ianze upya. Aliandika amri ya kufuta akiwa ameingia kwenye seva ya kwanza. Alipogundua na kuisimamisha, katika gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimesalia karibu 4.5. Wakageukia nakala za akiba. Nakala za kila siku hazikuwepo, kwa sababu programu iliyozitengeneza ilikuwa ya toleo lisilolingana na kanzidata, ikawa inashindwa kila siku. Barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa huko zilikuwa zinakataliwa njiani, hivyo hakuna aliyejua. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi aliichukua saa sita kabla kwa ajili ya majaribio tu. Kazi ya saa hizo sita ilipotea. Kampuni, kwa uungwana ambao ni nadra, ilieleza yote hayo hadharani, na hata kurusha moja kwa moja kazi ya kurejesha data.

Katika kisa hicho seva ya pili, iliyokuwa inasawazishwa, haikumsaidia mtu. Yenyewe ndiyo iliyokuwa chanzo cha kazi ya usiku ule. Msaada ulitoka kwenye nakala iliyosimama, isiyofuata chochote, iliyoganda katika saa yake. Mwaka 1998 kisa cha aina hiyo kiliwapata watengenezaji wa filamu ya katuni ya Toy Story 2 huko Marekani. Amri moja ilianza kufuta mafaili ya filamu nzima, na walipotazama nakala za akiba za studio wakakuta hazifai. Filamu ilipona kwa sababu Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi wa kiufundi, alikuwa na nakala nyumbani kwake, alikokuwa akifanyia kazi baada ya kujifungua. Nakala hiyo haikuwa mpya kabisa, na upya wake mdogo haukuwa kasoro; ingekuwa inafuata seva ya studio dakika kwa dakika, nayo ingefutika.

Halafu kuna wizi. Aprili 2021 watumiaji wa visanduku vya kampuni ya QNAP ya Taiwan, katika nchi mbalimbali, waliamka wakakuta mafaili yao yamefungiwa ndani ya vifurushi vyenye nywila, pamoja na ujumbe unaodai bitkoini 0.01, ambazo wakati huo zilizidi dola 500. Wahalifu walipitia wapi? Mlango waliotumia ulikuwa ndani ya programu ile ile ya kampuni ya kuweka nakala na kusawazisha, iliyokuwa na siri ya kuingilia iliyoachwa ndani ya msimbo wake. Kwa hiyo chombo kilichonunuliwa kwa ajili ya usalama ndicho kilichoingiza mwizi. Na pale ambapo kisanduku kilichoshambuliwa kinasawazishwa na kingine, faili lililofungwa kwa nywila ni “badiliko” kama badiliko lolote. Linasafiri, na lile zima linaondolewa, kwa bidii ile ile inayotumika kupeleka barua za kawaida.

Mafahali wawili zizi moja

Mpaka hapa nimezungumzia kufuta na kuharibu. Kuna madhara mengine ya kimyakimya, nayo hutokana na kuruhusu pande mbili kuandika katika folda moja. Ndani ya ofisi moja, mhasibu akifungua jedwali la mishahara, kisanduku huliwekea kufuli. Mwenzake akilifungua ataambiwa linatumika, asome tu. Kufuli hilo kwa kawaida haliendi tawini. Mhasibu wa Arusha na mhasibu wa Moshi wanaweza kulifungua jedwali moja saa nne asubuhi, kila mmoja akaandika malipo yake na kuhifadhi. Sasa kuna majedwali mawili yenye jina moja, yote mapya, yote halali, na mashine inatakiwa kuchagua. Programu nzuri huacha moja na kulipa jingine jina refu lenye neno la mgongano na tarehe. Programu mbaya huchukua la mwisho na kulitupa la kwanza. Hata ile nzuri inategemea kwamba kuna mtu atakayeyaona majina hayo marefu na kuyashughulikia. Fungua folda ya ofisi yoyote inayofanya kazi namna hii kwa mwaka mmoja, utakuta mafaili ya mgongano yamerundikana na hakuna anayethubutu kuyafuta.

Na mashine huchaguaje la mwisho? Kwa saa. Mwaka 1978 Leslie Lamport aliandika makala maarufu akionyesha kwamba kompyuta mbili zilizo mbali haziwezi kutegemea saa zao za ukutani kuamua tukio lipi lilitangulia. Nadharia hiyo ina sura ya kawaida sana kwetu. Kisanduku ambacho betri yake ndogo ya saa imekufa, kikizimika na kuwaka wakati intaneti haipo, kinaweza kurudi miaka mingi nyuma bila kujijua. Kila kitakachoandikwa humo siku hiyo kitahesabiwa kuwa cha kale, na toleo la jana kutoka tawi jingine litashinda. Hakuna taa nyekundu, hakuna onyo. Mhasibu ataona tu kwamba malipo aliyoyaingiza hayapo, naye atadhani alisahau kuhifadhi.

Ongeza visanduku, na mambo yanazidi kujikunja. Viwili vina njia moja kati yao. Vitatu vina njia tatu, vinne sita, vitano kumi, ikiwa kila kimoja kinazungumza na kila kingine. Kisanduku kilichokuwa kwa fundi kwa mwezi mzima kikirudi mtandaoni huku daftari lake limeanza upya, kitaleta mafaili yote yaliyofutwa wakati hakipo, nayo yatafufuka katika matawi yote: orodha za wafanyakazi walioondoka, bei za zamani, rasimu zilizokataliwa. Ndiyo sababu nasisitiza mwenyewe mmoja. Folda ya uhasibu iandikwe makao makuu, matawi yaisome. Folda ya mapokezi ya tawi iandikwe tawini, makao makuu yaisome. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na hakuna sababu ya kuwalazimisha wakati mazizi ni mengi.

Muda wa kugundua

Wanaotetea mtindo uliozoeleka wana hoja, na baadhi ya hoja hizo si dhaifu. Ya kwanza ni kwamba visanduku hivi vina tupio: faili likifutwa halipotei papo hapo, linakaa pembeni kwa siku kadhaa. Ni kweli, na ni vyema tupio likawashwa, maana si mara zote huja likiwa limewashwa. Lakini hoja hii inatupeleka kwenye swali ambalo wauzaji hawaliulizi. Itachukua muda gani kabla ya mtu kugundua kwamba faili halipo au limeharibika? Google Drive, kwa mfano, hulifuta moja kwa moja faili lililokaa kwenye tupio siku 30. Kwa kazi inayofunguliwa kila siku, siku 30 ni nyingi. Kwa kumbukumbu, ni chache mno. Rejesta ya ada ya mwaka uliopita hufunguliwa mzazi anapobishana na shule mwezi Januari. Nakala ya mkataba wa kiwanja hufunguliwa baba anapofariki. Matokeo ya mwanafunzi aliyehitimu hutafutwa miaka mitano baadaye, anapohitaji barua ya kuthibitisha. Mambo yenye thamani kubwa kwa kaya ndiyo yasiyofunguliwa mara kwa mara, kwa hiyo ndiyo ambayo upotevu wake huchelewa kujulikana.

Nakala ya akiba ipimwe kwa kipimo hicho cha muda. Visanduku vingi vya leo vinaweza kuchukua nakala tulivu ya folda nzima kila usiku bila kula nafasi kubwa, kwa sababu huhifadhi vipande vilivyobadilika tu. Mbinu hiyo ilipata umaarufu kupitia mfumo wa ZFS wa Sun Microsystems uliotolewa mwaka 2005, na leo imo pia katika mfumo wa Btrfs unaotumika kwenye visanduku vya bei ya wastani. Ofisi ikiweka nakala saba za siku, nne za wiki na kumi na mbili za mwezi, ina nyakati 23 za kurudia, na nafasi inayotumika haikaribii mara 23 ya mafaili yenyewe. Kosa lililofanyika Machi linaweza kusahihishwa Novemba. Hili ni jambo la kubofya vitufe vichache, limo ndani ya chombo kilichokwisha kununuliwa, na katika ofisi nyingi limelala bila kuwashwa.

Hata hivyo nakala tulivu zikiwa ndani ya kisanduku kile kile, anayeiba kisanduku ameziiba, na anayepata nywila ya msimamizi anaweza kuzifuta. Kwa hiyo nakala iliyochomolewa haina mbadala. Hapa hoja ya pili hujitokeza: gharama. Ofisi ndogo itapata wapi pesa za kisanduku cha tatu? Haikihitaji. Diski mbili za eksteno, moja ikiwa ofisini Ijumaa kupokea nakala na nyingine ikiwa nyumbani kwa mkurugenzi au katika kabati la benki, zikibadilishana kila wiki, zinagharimu kiasi kidogo kuliko kisanduku cha pili pamoja na diski zake. Ziwekwe nywila, ili ikipotea moja kwenye daladala isiwe maafa mengine. Kama bajeti inaruhusu kimoja tu kati ya kisanduku cha pili na diski hizo mbili, basi na ziwe diski.

Hoja ya tatu: kwa nini tusipeleke kila kitu kwenye wingu, tukamaliza? Kwa nyaraka muhimu chache, hilo ni wazo zuri. Kwa wingi wa mafaili, hesabu inakataa. Terabaiti moja ikipandishwa kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde inachukua sekunde 800,000, yaani zaidi ya siku tisa bila kusimama hata dakika moja, na studio ya harusi hujaza terabaiti bila kutokwa jasho. Diski ile ile ikiwekwa kwenye basi la Mwanza inafika ndani ya siku moja. Tena laini zetu zina udhaifu wake: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya na Uganda zikabaki na intaneti ya kusuasua kwa siku kadhaa. Na wingu lenyewe ni majengo yenye seva. Kituo kimoja cha kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa, kiliteketea kwa moto tarehe 10 Machi 2021, na miongoni mwa waliopoteza data walikuwemo wateja waliolipia nakala za akiba, wasijue kwamba nakala hizo zilikaa mahali pamoja na mafaili yenyewe.

Hoja ya nne ndiyo nzito. Watu wa matawi wanahitaji kufanya kazi pamoja, na kuwanyima kuandika katika folda moja ni kuwarudisha enzi za kutumiana flashi. Nakubali kwamba kazi ya pamoja ni haki yao. Sikubali kwamba kusawazisha mafaili ndiyo njia yake. Jedwali linaloandikwa na watu watano kwa wakati mmoja linapaswa kukaa katika programu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ambamo kila mstari unaandikwa mahali pamoja na kila mmoja anaona mkono wa mwenzake. Kanzidata za uhasibu, ambazo hubaki wazi mchana kutwa, zisisawazishwe kabisa zikiwa wazi, kwa sababu kinachofika upande wa pili kinaweza kuwa nusu ya muamala. Kazi inayobaki kwa kusawazisha ni kubwa bado: kupeleka fomu, picha, miongozo na ripoti zilizokamilika kutoka kwa mwenyewe hadi kwa wasomaji wake. Katika kazi hiyo haina mpinzani.

Anayelipa ni nani

Ofisi ikipoteza kumbukumbu, meneja hufedheheka kwa wiki moja. Mama aliyeweka akiba kwenye chama kwa miaka minane hulipa kwa namna nyingine. Salio lake haliwezi kuthibitishwa, mkopo aliouomba kwa ajili ya mtaji unasimamishwa “mpaka mfumo utengemae”, na ushahidi alio nao ni stakabadhi za karatasi, kama alizitunza na kama wino haujafifia. Mzazi aliyekwisha kulipa ada anaambiwa alete risiti. Asipokuwa nayo, hulipa tena au mtoto anarudishwa nyumbani. Mgonjwa wa kisukari anarudia vipimo ambavyo zahanati ilikwisha kuvifanya, kwa pesa yake. Maharusi hawawezi kurudia siku yao kwa fidia yoyote. Katika mifano yote hiyo aliyepoteza hakununua kisanduku, hakukiona, wala hakuulizwa kama kisawazishwe pande mbili au upande mmoja.

Kuna na upande wa siri. Kila kisanduku kipya kinachosawazishwa ni mahali pengine ambapo nakala za vitambulisho vya wanachama, namba za simu na majibu ya vipimo vinaweza kuibwa. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022. Zote zinamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, bila kujali ni makao makuu au tawi lenye chumba kimoja na mlinzi mzee. Tawi la Babati lina haja gani na vitambulisho vya wanachama wa Mbeya? Likisawazishiwa folda zinazolihusu tu, mwizi atakayevunja dirisha lake ataondoka na kidogo. Swali hilo ni la kugawa folda kwa busara, na halimgharimu mtu shilingi.

Mkataba wa fundi

Lawama kubwa huwaendea mafundi, na si zote ni za haki. Fundi aliyeitwa “kuunganisha visanduku viwili” ameviunganisha. Ukimwambia folda zionekane pande zote, atazionyesha pande zote, atapokea malipo yake na kuondoka. Hakuna aliyemwagiza kuhusu kosa la karani, saa iliyorudi nyuma, au diski iliyoshindwa kuitika baada ya umeme kurudi. Kwa hiyo agizo ndilo libadilike, na libadilike kwa maandishi. Mkataba useme folda ipi inaandikwa wapi, nakala tulivu zitunzwe kwa muda gani, nani anachomoa diski Ijumaa, na taarifa za kushindwa ziende kwa simu ya mtu gani aliye hai na anayezisoma.

Kisha malipo ya mwisho yasubiri jaribio. Mwenye ofisi achague mwenyewe faili moja la miezi miwili nyuma, bila kumwambia fundi mapema ni lipi. Alifute mbele yake, wangoje mpaka tawi nalo lithibitishe kwa simu kwamba halipo, halafu fundi alirudishe kutoka kwenye diski iliyokuwa imechomolewa, katika kompyuta nyingine, na mhasibu alifungue na kusoma namba zilizomo. Likifunguka, fundi alipwe. Lisipofunguka, bado ni siku ya kazi, watu wapo, na faili lililopotea ni moja ambalo, kwa tahadhari ndogo, lilikwisha kunakiliwa kwenye flashi kabla ya kuanza.